Gitaa lako la umeme linahitaji kibana nyuzi? Tazama kichwa chake kwanza

Wapiga solo wa kwaya na wa bendi za harusi huniuliza sana kuhusu kile kichuma kidogo kilichofungwa kwa skrubu kwenye kichwa cha gitaa, kinachokandamiza uzi wa kwanza na wa pili, yaani zile mbili nyembamba kuliko zote. Wengine hukiita hivi, wengine vile. Mimi nitakiita kibana nyuzi. Wengi wamesikia kwamba ndicho kinachoharibu tyuni, yaani sauti sahihi ya nyuzi, na wanataka kuking'oa. Nami kabla sijagusa skrubu yoyote hulilaza gitaa ubavu mezani, nikatazama nyuzi zinashukaje zikishapita nati. Jibu lote liko pale.

Nati ni ule ukuta mdogo wa mfupa au plastiki wenye mifereji sita, pale shingo inapoishia na kichwa kuanza. Ukipiga uzi wazi, uzi unatetemeka kati ya nati na daraja, kile kishikizo cha nyuzi upande wa tumbo la gitaa, kwa hiyo lazima nati iushike barabara. Haiushiki kwa gundi wala kwa skrubu. Inaushika kwa sababu uzi unainama kuelekea ufunguo, kile kinachozungushwa kuukaza, na kujikandamiza ndani ya mfereji. Uzi ukienda karibu kunyooka, unachezacheza mferejini. Utausikia ukilia zzz, sauti inakatika mapema, na ukiuvuta kwa nguvu kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vichuma vinavyokata shingo) unaweza kuruka nje ya mfereji wake. Sasa kanyaga freti yoyote upige tena. Kama mlio wa ovyo umeisha kabisa na unarudi tu uzi ukiwa wazi, shughulikia nati na pembe ya uzi kabla ya kuhangaika na daraja.

Kwa nini magitaa mengine yana kibana na mengine hayana? Leo Fender, aliyekuwa fundi redio pale Fullerton, California, kabla ya kuanzisha kampuni ya magitaa ya Fender, alitaka shingo inayotengenezeka haraka. Shingo ya gitaa lake la Telecaster, na ya Stratocaster iliyotoka 1954, hukatwa kwenye ubao bapa wa maple, na kichwa hakilazwi nyuma. Mbao haipotei sana, na shingo inakuwa imara. Lakini funguo zote sita zimepangwa mstari mmoja: wa uzi wa sita uko karibu na nati, wa uzi wa kwanza uko mwisho kabisa. Kadiri ufunguo ulivyo mbali, ndivyo uzi unavyonyooka, na ndiyo maana kibana kimewekwa kwenye uzi wa kwanza na wa pili. Katika miaka ya 1970 Stratocaster ikaongezewa cha pili, cha uzi wa tatu na wa nne.

Gibson Les Paul, iliyotoka 1952, ilifuata njia nyingine: kichwa kimelazwa nyuma kwa takriban digrii 17, funguo tatu kila upande, na kila uzi unainama wenyewe. Gitaa la namna hiyo usiliwekee kibana hata kidogo. Gharama yake ni nyingine: likianguka kwa mgongo, shingo huweza kuvunjika pale pale nyuma ya nati, na nimeona wanamuziki wakilia kwa ajili hiyo.

Magitaa mengi ya bei nafuu ninayokutana nayo makanisani ni ya umbo la Stratocaster, kwa hiyo ushauri wangu mwingi ni kwa wenye hayo.

Kibana cha uzi wa kwanza na wa pili kiache, kama funguo zako ni za kawaida, zenye nguzo (vile vijiti vinavyozungushiwa uzi) za urefu mmoja. Cha uzi wa tatu na wa nne mara nyingi unaweza kukitoa usione tofauti, ilimradi ufunge nyuzi vizuri. Acha uzi wa ziada kama sentimita 5 kupita nguzo ya ufunguo, kisha kila mzunguko uwe chini ya uliotangulia. Mizunguko miwili au mitatu inatosha kuufanya uzi utokee chini ya nguzo, na pembe inaongezeka bila senti moja kutumika. Anayefunga uzi mizunguko ikipanda juu anaipoteza pembe hiyo yote.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Watu hununua funguo za kujifunga, zile zinazobana uzi ndani ya nguzo, wakidhani zitawaondolea haja ya kibana. Funguo hizo hazina mizunguko. Uzi unatoka pale pale tundu lilipo. Kama nguzo zote zina urefu mmoja, pembe inapungua na kibana kinahitajika zaidi kuliko mwanzo. Ukitaka kuishi bila kibana, tafuta seti ambayo nguzo zinafupika kadiri zinavyokwenda mbali na nati. Hata hizo, jaribu uzi wa pili ukiwa wazi kabla hujakitupa kibana.

Sasa lile la tyuni. Ni kweli kibana kinaweza kukwamisha uzi, lakini kwa magitaa yaliyopita mikononi mwangu mkosaji mara nyingi ni nati. Pima hivi. Tyuni uzi wa kwanza, uvute kwa nguvu kwenye freti ya kumi na mbili, uachie, halafu upige wazi. Umeshuka? Bonyeza uzi kwa kidole nyuma ya nati, upande wa kichwa, uachie. Ukipanda ukarudi mahali pake, ujue uzi ulivutwa kuelekea daraja na kitu fulani kikauzuia kurudi. Mwenye mkono wa tremolo, ule wa darajani unaolegeza nyuzi, ataona kinyume chake: akiubonyeza chini na kuuachia, uzi hurudi ukiwa juu. Na ukisikia tik! unapozungusha ufunguo, hiyo ni dalili ya uzi unaokwama kisha kuchomoka.

Ili ujue nani anakwamisha, usianze kwa kutoa kibana, maana ukikitoa unapunguza pia mkandamizo kwenye nati, na hutajua umeponya kipi. Legeza uzi, sugua penseli laini chini ya kibana tu, tyuni, rudia kipimo. Hakuna nafuu? Sasa sugua penseli ndani ya mfereji wa nati. Ikitulia hapo, kibana kilikuwa kinasingiziwa.

Kwetu pwani kuna adui wa ziada: hewa ya chumvi na jasho. Kibana cha chuma cha bei rahisi kinapata kutu upande wa chini, ambako macho hayafiki, na uzi nao unakichimba mfereji. Kila unapobadilisha nyuzi kigeuze, kipitishie msasa laini hadi kidole kiteleze, ndipo upake penseli.

Angalia na kimo chake. Chini ya kibana kunatakiwa kuwe na kipete cha kukiinua. Vingine vimefungwa hadi kugusa mbao, na uzi unapinda kama kiwiko. Huo ni msuguano wa bure. Kiinue kwa kipande kifupi cha bomba gumu la plastiki hadi uzi uwe unainama kwa upole tu, kisha piga wazi usikilize. Kikomo ni pale mlio wa zzz unapoanza; shusha kidogo kutoka hapo.

Ikibidi kuongeza kibana ambapo hakikuwepo, tundu jipya halifutiki, kwa hiyo pima mara mbili. Funga utepe wa karatasi wenye gundi kwenye keekee kuonyesha kina usije ukatokea upande wa pili, toboa tundu jembamba kuliko skrubu, na ipake skrubu sabuni kavu. Maple ni mbao ngumu. Skrubu ndogo ikilazimishwa inakatikia ndani.

Wanaofunga gitaa kwa mtindo wa mi-composé wa Kongo, ambao uzi wa nne huondolewa na kuwekwa mwembamba unaotyuniwa oktavu moja juu, wasitegemee kibana kuwaondolea mlio. Mfereji wa nati ulichongwa kwa uzi mnene, na uzi mwembamba unacheza upande kwa upande hata ukiukandamiza. Wachongewe nati nyingine.

Na kwa wapiga besi: kwenye besi nyingi za aina ya Fender kibana cha duara hushika nyuzi mbili nyembamba peke yake, na uzi wa tatu unabaki bila msaada. Ukilia vibaya ukiwa wazi, usikate uzi mfupi. Uzungushe hadi ufike chini kabisa ya nguzo.