Kabla hujapeleka exe yako Kagunga

Umeandika kwa Python programu ya kurekodi mauzo ya dagaa. Dirisha ni la Tkinter, data zinaingia SQLite, na kwenye kompyuta yako inakwenda bila shida. Sasa mwenye ghala kule Kagunga, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika unachokifikia kwa boti, anaitaka. Kompyuta yake haina Python wala hahitaji kujua Python ni nini: anataka faili moja, alibonyeze mara mbili, aanze kuandika kilo. PyInstaller, chombo cha kufungasha programu za Python, itakupa faili hilo, yaani exe, ila elewa kwanza ni kitu cha namna gani, maana matatizo mengi ya anayeanza yanatokea hapo.

Exe ya faili moja haijayeyusha programu yako ikawa kitu kimoja. Ni gunia lililoshonwa mdomo. Ndani mna Python yenyewe, maktaba ulizotumia, picha na msimbo wako. Kila mtu akibonyeza, gunia linafunguliwa na kumwagwa kwenye folda ya muda ya Windows, ndani ya folda ndogo ambayo jina lake linaanza na _MEI. Programu inaendeshwa kutoka huko, na ikifungwa, folda ile inafutwa yote. Ndiyo maana inachelewa kufunguka, hasa kwenye diski kuukuu, na ndiyo maana Task Manager inaionyesha mara mbili: mmoja ni mfungua gunia, wa pili ndiyo programu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, anayefuta hayupo tena. Folda inabaki, na baada ya miezi ya kukatikakatika kwa umeme utakuta folda za _MEI zimerundikana na kumaliza nafasi. Mfundishe mteja kuzifuta programu ikiwa imefungwa.

Sasa sikiliza hili kwa makini, kwa sababu linapoteza fedha za watu. Ukiunda njia ya databesi yako kutokana na `__file__` (mahali lilipo faili la msimbo wako), ndani ya exe njia hiyo inaelekea kwenye ile folda ya muda. Mteja ataandika mauzo ya siku nzima, ataona jumla sahihi, atafunga jioni, na kila alichoandika kitafutwa pamoja na folda. Hakuna ujumbe wa kosa. Kesho yake anafungua, anakuta jedwali tupu. Na ukiandika `mauzo.db` peke yake bila njia kamili, faili litaundwa popote programu ilipoanzishwa; akiihamisha exe au akiifungua kwa njia ya mkato ya folda nyingine, anapata databesi mpya isiyo na kitu na kudhani ameibiwa kazi yake.

Kwa hiyo tenganisha mafaili ya aina mbili. Yanayosomwa tu, kama aikoni na nembo ya risiti, yakae ndani ya gunia (`sys._MEIPASS` ndiyo njia ya ile folda ya muda):

```
def ndani(jina):
    msingi = getattr(sys, "_MEIPASS",
        os.path.dirname(os.path.abspath(__file__)))
    return os.path.join(msingi, jina)
```

Yanayoandikwa yakae nje, mahali pa kudumu pa mtumiaji:

```
folda = os.path.join(os.environ["LOCALAPPDATA"], "Mauzo")
os.makedirs(folda, exist_ok=True)
databesi = os.path.join(folda, "mauzo.db")
```

Ukishafanya hivyo, kufungasha kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Anza na mazingira safi, usifungashe kutoka Python uliyoijaza maktaba za kila mradi. PyInstaller ikikuta njia ya kufikia pandas au matplotlib usizozihitaji, itazibeba, na exe iliyopaswa kuwa ya megabaiti chache itavimba mara kumi.

```
python -m venv mazingira
mazingira\Scripts\activate
pip install pyinstaller reportlab
pyinstaller --onefile --name mauzo --add-data "picha:picha" mauzo.py
```

Ukiwa na toleo la PyInstaller la kabla ya 6 kwenye Windows, ile nukta pacha kati ya `picha` na `picha` iwe nukta mkato. Hiyo `reportlab` ni maktaba ya kutengeneza PDF, kama za risiti. Exe utaikuta kwenye folda ya `dist`.

Angalia kwamba sijaweka `--windowed`, inayoficha dirisha jeusi la maandishi. Jengo la kwanza liwe na lile dirisha jeusi, kwa sababu kosa likitokea ndipo utakapolisoma. Weka `--windowed` mwishoni kabisa, kisha jaribu upya, maana bila dirisha jeusi `sys.stdout` huwa haina kitu, na maktaba inayojaribu kuandika humo moja kwa moja inaanguka.

Ukisoma `ModuleNotFoundError` ilhali kwenye Python ya kawaida kila kitu kilikuwa sawa, ni kwamba kuna maktaba inayoitwa kwa jina lililoundwa wakati programu inakimbia, na PyInstaller, inayosoma msimbo bila kuuendesha, haikuiona. Ongeza `--hidden-import` na jina lake. Orodha ya zisizopatikana iko `build\mauzo\warn-mauzo.txt`, usiogope urefu wake, nyingi ni za Linux au Mac na hazikuhusu. Na kama unatumia `multiprocessing`, maktaba ya kuendesha kazi kadhaa kwa pamoja, weka `multiprocessing.freeze_support()` mwanzo kabisa wa sehemu kuu, la sivyo madirisha yatajizaa bila kikomo.

PyInstaller haijengi exe ya Windows ukiwa Linux. Jenga kwenye Windows, na uliza mapema kompyuta ya mteja ni ya aina gani. Iliyojengwa kwa Python ya biti 64 haifunguki kwenye Windows ya biti 32, lakini ya biti 32 inafunguka kote kuwili. Kama bado ana Windows 7, jenga kwa Python 3.8, maana kuanzia 3.9 Windows 7 haikubaliwi tena. Kwenye Windows 7 hiyo unaweza pia kukuta malalamiko ya faili la `api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll`, dawa yake ni sasisho la KB2999226. Lipakue mjini ulitie kwenye flashi, usitegemee bando ukishapanda boti.

Antivairasi nazo zitakusumbua. Wenye virusi nao hutumia PyInstaller, kwa hiyo exe yako isiyo na kosa inaweza kushukiwa kwa kufanana nao tu. Usibane kwa UPX, chombo cha kupunguza ukubwa wa exe, weka `--noupx`. Kubana huongeza shaka na wakati mwingine huharibu maktaba za Qt (za kuchora madirisha). Usimwambie mteja azime antivairasi. Mimi naona kama programu itakaa kompyuta moja muda mrefu, ni bora uache `--onefile`, ujenge folda kwa `--onedir`, uifunge kwa Inno Setup, programu ya bure ya kutengeneza visakinishi: mteja bado anapokea faili moja la kusakinisha, programu inafunguka upesi, na hakuna gunia la kumwaga kila asubuhi.

Flashi zinazozunguka madukani zina virusi vinavyojibandika kwenye exe. Kabla hujaondoka andika alama ya faili lako:

```
certutil -hashfile mauzo.exe SHA256
```

Irudie kwenye kompyuta ya mteja. Herufi moja ikitofautiana, usilifungue faili hilo.

Jaribio la kweli hufanyika kwenye kompyuta isiyo na Python, intaneti ikiwa imezimwa, kwa akaunti isiyo ya msimamizi. Andika mauzo matatu, funga, hamisha exe folda nyingine, fungua tena, uone kama matatu yale yapo. Chapisha risiti uone nembo imetokea.

Namba ya toleo iwe kwenye jina la faili na juu ya dirisha pia. Mtu akikupigia kutoka Kagunga kwamba haifunguki, utamwomba akusomee jina la faili, na hapohapo utajua ana ya lini.