Chagua birika kwanza, fani baadaye

Dada mmoja anayesoma shahada ya uzamili ameandika kwamba pendekezo lake la utafiti limekataliwa. Alitaka kuunganisha fasihi ya Kiamu (lahaja ya Lamu), ibada ya udhu, afya ya umma na ubora wa maji mjini Lamu. Akajibiwa: chagua moja. Msimamizi ana sababu ya kunung'unika, ila dawa aliyoitoa si yenyewe. Mapendekezo ya aina hii huanguka kwa kuwa na sura nne zisizosalimiana, kila moja na nadharia yake, kila moja na hojaji yake. Anza na maji. Sema utafiti wako ni wa mabirika, yaani matangi ya kutawadhia, ya misikiti minne au mitano na visima vinavyoyajaza, basi. Fani zitalazimika kukutana hapo.

Tazama birika la kale la Lamu linavyofanya kazi. Maji huvutwa kisimani na kumiminwa humo, na ndani hufugwa visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Chini ya mabirika mengine limejengewa bakuli la kauri, ili maji yakipungua visamaki vipate pa kukimbilia. Anakuja mtu wa maabara, anapima, anakuta dalili za kinyesi, anaagiza klorini. Klorini inaua samaki, samaki wakiisha mbu wanarudi. Na Lamu mbu si wa kufanyiwa mzaha: baada ya mlipuko wa chikungunya wa 2004, vipimo vya damu vilionyesha kwamba takriban asilimia 75 ya wakazi walikuwa wameambukizwa, na lawama zikaelekezwa kwa maji yaliyowekwa majumbani wakati wa ukame bila kubadilishwa. Mtu wa maji peke yake hataliona hilo. Wala mtu wa fasihi.

Hojaji ndiyo inayoharibu kazi mapema kuliko kitu kingine chochote. Ukiuliza "Je, maji haya ni safi?" utapata majibu ya maswali manne tofauti bila kujua nani kajibu lipi. Tenganisha: ni matamu au ya chumvi? Ni twahara? Ni safi kwa macho? Ni salama kwa kunywa? Kisima kinaweza kuwa twahara bila shaka yoyote na kisifae kunywewa, na mwenyeji anajua hivyo vizuri kuliko wewe. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani, maji yaliyofikia kulateni (kipimo cha maji mengi katika fikihi) hayanajisiki mpaka rangi, ladha au harufu ibadilike. Yaliyo pungufu hunajisika kwa kuguswa tu na najisi. Makadirio ya kulateni kwa lita hutofautiana, wengi wakiyaweka karibu na 200 au kuzidi kidogo. Kwa hiyo pima urefu, upana na kina cha maji ya kila birika na uandike ujazo wake. Namba hiyo moja itatumika kwenye sura ya dini na kwenye hesabu ya klorini.

Swali jingine la kufuta ni "Je, unakunywa maji haya?" Watu watasema hapana, na watakuwa wakweli. Lakini udhu una kusukutua na kupandisha maji puani, mara tatu tatu. Anayetawadha upya kwa kila sala tano amesukutua mara 15 kwa siku kwa maji ambayo hojaji yako imeyaandika kuwa hayanywewi. Uliza: yanaingia kinywani? Yanaingia puani? Karachi, Pakistani, ambako ameba aina ya Naegleria fowleri, inayoingilia puani, imeua watu wasiokuwa na historia ya kuogelea, madaktari wameutazama udhu kwa jicho hilo hilo. Ugonjwa huo ni adimu mno, usiutumie kutisha watu msikitini.

Sasa sampuli. Kisima kimoja kina nukta tatu: maji yenyewe ya kisimani, maji ya birikani, na maji yaliyomo ndani ya kata au ndoo ya mtumiaji. Uchafuzi mara nyingi huongezeka njiani, na mwanafunzi aliyechota kisimani tu huishia kulaumu choo cha jirani wakati kosa ni la kamba inayoburutwa chini. Visima 8, nukta 3, misimu 2 (kiangazi na masika): sampuli 48. Ongeza moja ya marudio kwa kila kumi, na kila siku ya kazi chupa moja ya maji yaliyotakaswa, ifunguliwe na kufungwa pale pale kisimani. Hiyo ikiota vimelea, kazi ya siku nzima ni ya kutupa. Chungu, lakini ndivyo.

Chupa ya kisimani hufungwa jiwe na kamba safi, hushushwa bila kugusa kuta, huzamishwa ijae, kisha humwagwa kidogo ili hewa ipate nafasi. Penye klorini, chupa ya ml 200 itiwe kabla matone manne au matano ya myeyusho wa sodiamu thiosalfeti, gramu 100 kwa lita, la sivyo klorini itaendelea kuua vimelea ndani ya chupa na utaripoti usalama usiokuwepo. Weka kwenye kisanduku chenye barafu, maji yasigande, na uchuje (upitishe maji kwenye kichujio kinachonasa vimelea ili vioteshwe na kuhesabiwa) ndani ya saa 6. Saa 24 ni mwisho kabisa, na boti ikikwama usijidanganye.

Kwa kuchuja, ml 100 za kisima cha wazi zitakupa sahani iliyojaa madoa yasiyohesabika. Chuja ml 10 na ml 1 pia. Ile ya ml 1 iongezewe maji yaliyotakaswa ili isambae juu ya kichujio. Kwa mchuzi wa lauril salfeti, yaani chakula cha kuoteshea vimelea, acha vimelea vipumzike saa moja hadi nne katika joto la kawaida, kisha nyuzi 44 kwa saa 14 hadi 18. Hesabu madoa ya manjano mara tu unapoyatoa, maana rangi hubadilika yakipoa. Na andika "kolifomu zinazostahimili joto", yaani kundi la bakteria wanaoashiria kinyesi. Ukiandika E. coli, aina moja tu katika kundi hilo, bila kipimo cha kuthibitisha, mtahini anayejua kazi atakuchinja.

Vikombe vya kuchujia hutakaswa kwa methanoli: washa, funika ikiwa bado inaungua, subiri dakika 15. Moto ukikosa hewa hutoa formaldehidi, nayo ndiyo inayoua vimelea. Spiriti ya duka la dawa kwa kawaida ni ethanoli na haitoi formaldehidi, ingawa mwali wake utakudanganya kwamba mambo yamekwenda sawa. Lakini fikiria unavyoonekana ukiwasha spiriti kwenye ukumbi wa msikiti. Fanya kazi hiyo nje, na umweleze imamu mapema ni kitu gani na cha nini. Utafiti umewahi kuharibika kwa madogo kuliko hayo. Mwanamke aombe nafasi kwa mtawalii (msimamizi wa wakfu wa msikiti) nje ya nyakati za sala, au amfundishe msaidizi wa kiume hadi aweze kuchota mbele yake mara kumi bila kosa.

Pima pia upitishaji wa umeme, yaani chumvi, na kando yake andika saa, na kama ni bamvu (bahari inapojaa na kupwa sana) au maji mafu (inapojaa na kupwa kidogo). Kisima cha pwani hubadilika na bahari. Nitrati ina mtego wake: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mg 50 kwa lita zikihesabiwa kama nitrati, au 11 zikihesabiwa kama naitrojeni ya nitrati. Soma kifaa chako kinatoa ipi. Kuigeuza ya pili kuwa ya kwanza zidisha kwa 4.43.

Kwenye nyaraka, anayetafuta "maji" katika mashairi ya Lamu atatoka mikono mitupu nusu ya safari. Kwa Kiamu ni "mai", na mji ni "mui". Miswada ya hati za Kiarabu mara nyingi haitofautishi b na p, wala f na v, basi nakili kwanza kama ilivyo, ndipo ufasiri. Kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf, ya 1882, inasaidia kuona neno lilikuwa na maana gani zama hizo. Daktari James Christie, aliyekuwa Zanzibar wakati wa kipindupindu cha 1869 na 1870, alichapisha kitabu chake kuhusu ugonjwa huo London mwaka 1876. Msome kwa jinsi alivyofuatilia ugonjwa kupitia misafara, mahujaji na desturi, ukijua macho yake ni ya nani. Kusanya methali na mashairi kabla ya majibu ya maabara kutoka. Ukishajua kisima kipi ni kichafu, masikio yako yatachagua.

Kibali: kamati ya maadili iliyoidhinishwa kwanza, kisha leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya Kenya), kisha kaunti. Kwenye ombi hilo hilo ukubaliane kwa maandishi na mtawalii na kamati ya msikiti nani ataambiwa kwanza kisima kikionekana kibaya, na ndani ya siku ngapi afisa wa afya ya umma ajue. Visima viitwe kwa namba, kamwe si kwa jina la msikiti.

Majibu yapelekwe kwa ukurasa mmoja wa Kiswahili, namba chache, na pendekezo linaloacha samaki hai: bomba dogo lenye maji yaliyotibiwa kwa kusukutua na puani, klorini huru ya mg 0.2 hadi 0.5 kwa lita kwenye mfereji huo, na birika libaki la miguu na mikono.