Chumba kidogo, mbao ndefu: majibu ya maswali yenu ya useremala

Habari zenu wanakusini, Mtwara kuchele! Maswali ya useremala wa nyumbani yamekuwa mengi sana wiki hizi, na karibu wote mnalia na kitu kimoja, nafasi. Nayajibu haya kwanza.

*Fundi shikamoo. Nina chumba cha nje hapa Chikongola, futi 8 kwa 10, na nimejibana nimepata laki tano. Ninunue mashine gani kwanza?*

Marahaba mdogo wangu. Mashine subiri kwanza, anza na meza ya kazi, na meza yenyewe utengeneze mwenyewe. Chukua mbao za paini za inchi 2 kwa 6 kwa juu na inchi 2 kwa 4 kwa miguu, urefu futi 5, upana inchi 20 mpaka 24 inatosha kabisa, alafu ifunge ukutani kwa skrubu na rolplagi (vile vya plastiki vya kuingiza kwenye tundu la ukuta) ili ukiranda isitembee. Kama ukuta wako ni wa udongo na fito usiufungie kitu chochote kizito, chimbia nguzo mbili ndani ya chumba ndo ufungie hapo. Urefu wa kwenda juu nao usikopi kwa mtu, simama wima, acha mkono uning'inie, kunja kiganja kiwe bapa kama unaegemea kitu, pale kiganja kilipo ndo juu ya meza yako. Mafundi wengi mnaumwa viuno kwasababu mnaranda mbao mkiwa mmeinama kama mnafua.

Sasa kitu muhimu, meza ikae usawa wa dirisha au mlango. Mbao inakuja na futi 12 na chumba chako kina 10, hapo hesabu haikubali, lakini kama meza iko usawa wa dirisha unafungua dirisha mbao inatokeza nje na wewe unaendelea kukata ukiwa ndani. Mimi ndo nafanya hivyo mwaka wa ngapi sasa, mvua ikinyesha naweka tu turubai kwa nje. Na kabla hata hujaingiza mbao ndani ikate uani, urefu wa kazi yako ongeza inchi mbili za kuja kupunguza, maana hakuna sababu ya kuhangaika na futi 12 chumbani wakati unatengeneza stuli ya futi moja na nusu.

Hela inayobaki nunua msumeno wa mkono mzuri, randa ya chuma, patasi tatu (nusu inchi, robo tatu, na inchi moja), skwea (ya kupimia pembe), jiriwa (ya kubania mbao mezani), jiwe la kunolea na klampu nne (vibanio vya kushika mbao). Klampu hazijawahi kutosha kwa mtu yeyote kwahiyo kila ukipata chenji ongeza moja. Mashine ya kwanza ikifika iwe drili, ya pili msumeno wa duara wa mkono. Ule wa meza kubwa achana nao, unataka nafasi mbele, nyuma na pembeni, utalala wapi wewe?

*Naishi Shangani nyumba ya kupanga, jirani analalamika vumbi na kelele. Natoka kazini saa 12 jioni ndo nafanya useremala wangu. Nifanyeje nisigombane na watu?*

Kwanza jirani ana haki, tuanzie hapo. Kazi za mashine zote ziweke Jumamosi asubuhi baada ya saa 3, jioni fanya za mkono tu, kupima, kuchonga ndimi za kuungia mbao, kuranda, kunoa. Randa iliyonolewa vizuri inatoa kisauti kama mtu anachana karatasi, hakuna jirani atakuja kugonga mlango kwa hiyo.

Vumbi sasa. Huku kwetu Mungu katupa upepo, utumie. Kusi likivuma, kuanzia mwezi wa nne au wa tano mpaka kama wa tisa au wa kumi, linatoka kusini, na kaskazi kwenye miezi ya joto linageuka. Simama upepo ukiwa mgongoni ili vumbi liende mbele yako, ila angalia huko mbele kuna nini, kama kuna kamba ya nguo za jirani hamisha kazi. Na uvae barakoa hasa ukipiga msasa, tafadhali sana. Lile vumbi jembamba ambalo hata hulioni ndo linaloingia kifuani, na watafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1995. Mninga na mpingo nazo, kuna watu vumbi lake linawaletea pumu au kuwasha ngozi. Kitambaa cha kujifunga puani hakizuii hilo vumbi jembamba.

Maranda makubwa ya randa mpe jirani mwenye kuku wa kisasa, atakupenda, ila ya paini safi tu. Mbao iliyotiwa dawa ya mchwa maranda yake usimpe mtu wa kuku.

*Niko Mikindani karibu kabisa na bahari. Patasi zangu zinashika kutu ndani ya wiki moja hata nisipozitumia. Shida ni chuma kibovu?*

Hapana, chuma chako kizima, shida ni chumvi ya bahari. Inatua kwenye chuma, chumvi inavuta unyevu, kutu inaanza. Ongeza na jasho la mikono yako. Ukimaliza kazi pangusa kila kifaa kwa kitambaa kikavu, kisha kitambaa kingine chenye oili ya cherehani kidogo sana, chuma king'ae tu kisiwe kinadondosha. Mafuta ya nazi usitumie, yanaganda na kunuka. Kisha weka kwenye boksi lenye mfuniko unaobana, lisikae juu ya sakafu ya sementi. Na maranda mabichi usiyaache yamekwama ndani ya randa usiku kucha, asubuhi utakuta doa jeusi.

Zilizokwisha shika kutu zilaze kwenye siki usiku mmoja, asubuhi sugua kwa brashi ya waya, suuza na maji yenye magadi kidogo kuua ile siki, kausha hapo hapo juani, paka oili. Ila tupa, kile kifaa cha chuma chenye meno cha kunolea msumeno, ndo usiipake oili, inaanza kuteleza na unga wa chuma unaganda kwenye meno.

*Msumeno wangu wa umeme wati 1400, ekstensheni inapata moto mpaka inanuka. Kawaida?*

Sio kawaida, zima. Wati 1400 kwa volti 230 ni kama ampea 6, sio mzigo mkubwa, kwahiyo ikinuka ujue waya ni mwembamba au unautumia ukiwa umezungushwa kwenye kigurudumu chake. Waya uliozungushwa hautoi joto, kwahiyo ufungue wote ulale chini hata kama unahitaji mita mbili tu. Tafuta waya wa milimita 2.5 wenye nyaya tatu, na kama plagi imeanza kuwa nyeusi itupe. Chumba kidogo kilichojaa maranda na waya wa moto ni hatari kubwa jamani.

*Kuna mtu ananiletea mninga kutoka Liwale kwa bei nzuri, ila chumba changu kimejaa. Naweza kuzihifadhi nje?*

Hili nalijibu kwa uchungu maana limeniumiza. Nilinunua mninga mwezi wa pili, mvua zinapiga, muuzaji akaniapia kabisa ni kavu, mimi nikaamini kwasababu zilikuwa nzuri mno, zile rangi za asali na mistari ya kahawia. Nikamtengenezea shemeji yangu meza ya chakula, juu nikaigandisha kwa gundi na misumari kwenye fremu, ikatoka safi kila mtu anasifu. Kusi likaingia, hali ya hewa ikakauka, mwezi wa nane napigiwa simu. Nafika nakuta ufa katikati ya meza, sarafu ya mia mbili inaingia imesimama. Mbao inasinyaa kwa upana, kwa urefu ni kidogo sana, na mimi nilikuwa nimeizuia isisinyae kwahiyo ikapasuka yenyewe.

Kwahiyo ndio, nje inawezekana, ila kwa utaratibu. Panga mbao kwenye matofali zisiguse ardhi kwasababu ya mchwa, kati ya kila mbao na mbao weka vijiti vya unene sawa, vikae vimenyooka kimoja juu ya kingine, upepo upite. Juu funika na bati, pembeni acha wazi, turubai ukiifunga mpaka chini unapika ukungu. Vichwa vya mbao vipake rangi au nta, maji yanakimbilia kutokea huko na ndo panapopasuka kwanza. Wachongaji wa vinyago wa Kimakonde wanajua sana hii kwenye mpingo. Kanuni ya mafundi ni mwaka kwa kila inchi ya unene, ila usihesabu tu miezi, chukua kipande kimoja kipime kwenye mzani kila wiki, uzito ukiacha kupungua hapo mbao iko tayari. Meza ikifika wakati wake, juu ishikilie kwa skrubu kwenye tundu lenye umbo refu ili mbao iweze kutanuka na kusinyaa.

Na huyo mtu mwambie akuletee stakabadhi na kibali cha kusafirishia. Bei nzuri bila karatasi ni kesi.

*Mbao ya mkorosho inafaa?*

Kwa boksi, rafu za stoo na kujifunzia, sawa. Kitanda hapana.

*Kaka, mimi ni mama wa watoto wawili Lindi mjini, nafanyia kazi uani na mafuta ya linsidi ya kupaka mbao. Matambara nayaweka kwenye kikapu cha taka, kuna shida?*

Dada yangu, kuna shida kubwa, leo hii hii yatoe. Tambara lenye mafuta ya linsidi likikunjwa linatengeneza joto lenyewe wakati mafuta yanakauka, na likiwa limerundikwa na mengine linaweza kuwaka bila kiberiti wala cheche. Yatandaze moja moja kwenye ukuta wa uani mbali na nyumba, kila moja lipate hewa, yakikauka yakawa magumu kama kadibodi ndo utupe. Kama huna muda huo yatumbukize kwenye ndoo ya maji ufunike. Ndoo iwekwe juu ambapo hao wadogo hawafiki, pamoja na thina.