Shule 200, walimu 20 kila shule: mbona sampuli inaelemea upande mmoja?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Natafiti walimu wa sekondari. Nimepanga kuchagua shule 200 kwa bahati nasibu, kisha walimu 20 kila shule, kama ule utafiti wa kimataifa wa walimu, TALIS. Msimamizi wangu anasema walimu wa shule ndogo watazidi. Kivipi, ikiwa kila shule ina nafasi sawa?

JIBU: Nzuri, ndugu. Msimamizi wako yuko sahihi. Unayemtafiti ni mwalimu, si shule. Shule yenye walimu 80 utachukua mmoja kati ya wanne. Yenye 20 utachukua wote. Huyu wa shule ndogo amepata nafasi mara nne ya mwenzake.

TALIS, ulioanzishwa mwaka 2008 na OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo), kwa kawaida huchukua kweli shule 200 na walimu 20, lakini kila shule hupewa nafasi kwa kadiri ya idadi ya walimu wake. Shule ya walimu 80 ina nafasi mara nne ya kuchaguliwa, na ndani yake nafasi ya mwalimu ni robo. Zidisha, zinalingana.

Fanya hivi: zipange shule kimkoa, za serikali mbali na za binafsi, kisha jumlisha walimu kwa mfululizo: shule ya kwanza ikiwa na walimu 30 inabeba namba 1 hadi 30, ya pili yenye 50 inabeba 31 hadi 80, na kuendelea. Tuseme wako 40,000. Gawa kwa 200, hatua yako ni 200. Chagua namba nasibu kati ya 1 na 200. Ikitoka 137, zinazofuata ni 337, 537, na kuendelea. Shule inayobeba namba hiyo imeingia. Shule yenye walimu 8 wachukue wote, kisha kwenye uchambuzi kila mmoja umpe uzani mara 2.5, yaani 20 gawa kwa 8, ili ahesabiwe kufidia nafasi ndogo ya shule yake.

Ndani ya shule, chagua kwenye orodha ya majina. Nakusihi, usimwachie mkuu wa shule akuteulie, wala asiyekuwepo usimbadilishe na aliyekaa ofisini. Mrudie. Ukitafiti mzigo wa kazi, huenda huyo ndiye aliyeelemewa.

Tena, walimu wa shule moja hufanana majibu. Mfanano huo, kwa kipimo cha 0 (hawafanani) hadi 1 (wanafanana kabisa), ukiwa 0.1 tu, walimu wako 4,000 wanakupa usahihi wa takriban 1,380 waliochaguliwa mmoja mmoja. Ukienda shule 400 ukachukua 10 kila moja, unafika kama 2,100. Nauli ikiruhusu, ongeza shule.