Maswali Yenu Kuhusu Purshia, Ndugu wa Waridi Anayeishi Ukameni

Wiki iliyopita niliitaja Purshia, jenasi ya vichaka vya nyika kavu za magharibi mwa Amerika Kaskazini, nikapita haraka. Wasomaji hamkuniachia.

Kichaka cha jangwani kinahusianaje na waridi? (Msomaji, Dodoma)

Ni familia moja, Rosaceae, ambamo pia mna tofaa, pea, stroberi na lozi. Majani hayakusaidii kuutambua undugu huo: ni madogo, magumu, na kwa spishi nyingi yamegawanyika nchani. Tazama ua. Lina petali tano na stameni tele katikati, sawa na waridi pori. Purshia tridentata huchanua njano. Purshia stansburiana, mkaazi wa majabali ya Utah na Arizona, huchanua maua ya rangi ya maziwa yanayonukia, na mbegu zake huota mikia mirefu ya manyoya.

Jina limetoka wapi? (Msomaji, Nakuru)

Kwa Frederick Pursh, mtaalamu wa mimea mzaliwa wa Ujerumani. Meriwether Lewis, mpelelezi Mmarekani, alichuma tawi la kichaka hiki Julai 1806, akiwa safarini kurudi kutoka Pasifiki, na Pursh akakieleza katika kitabu chake cha 1814. Yeye mwenyewe alikipa jina jingine. Hili la kumuenzi alilitoa de Candolle, mtaalamu wa mimea wa Uswisi. Pursh alifia Montreal mwaka 1820, maskini.

Nimesikia inajitengenezea mbolea. Basi ni jamii ya kunde? (Mwalimu, Tanga)

Hapana, Mwalimu, ingawa kazi inafanana. Kunde hushirikiana na bakteria waitwao rizobia. Purshia hushirikiana na bakteria wengine, Frankia, wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi na kuibadili naitrojeni ya hewani iwe chakula cha mmea, nao hulipwa sukari. Katika familia nzima ya waridi ni jenasi chache tu zenye uwezo huu.

Hapo Tanga huna haja ya kwenda mbali: mvinje nao hukaa na Frankia. René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipoanza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, mwaka 1971, mvinje ulikuwa miongoni mwa michache iliyostahimili kokoto ile tupu.

Nani anaipanda huko nyikani? (Msomaji, Iringa)

Panya! Jibu hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Mbegu za P. tridentata hazina mikia ya kupepea, hudondoka chini ya mama yao. Panya na kindi wadogo wenye mistari huzijaza mashavuni, wakaenda kuzifukia kidogo kidogo huku na kule ziwe akiba. Zisizofukuliwa huota majira ya kuchipua, mashada mashada, na miche mingi ya kichaka hiki huanzia kwenye akiba hizo. Ila si wema: wakati mwingine mwenye akiba hurudi akakata miche yenyewe. Halafu, ikiponea hapo, wapo kulungu, ambao theluji ikifunika nyasi huishi kwa kutafuna vitawi vyake.

Binadamu je, wana kazi nayo? (Msomaji, Kisumu)

Gome la P. stansburiana huchunika kwa nyuzi ndefu laini. Watu wa asili wa kusini-magharibi mwa Marekani walisokota kamba, wakasuka mikeka, na kutandika vitanda vya watoto wachanga kwa gome lililosuguliwa.

Ikichomwa moto inachipua tena? (Mfugaji, Kajiado)

Baadhi huchipua kutoka shinani, hasa udongo ukiwa na unyevu. Mingi hufa. Tatizo limekuzwa na Bromus tectorum, nyasi mgeni kutoka Ulaya na Asia inayokauka mapema na kubeba moto kutoka kichaka hadi kichaka. Moto ukirudi upesi, miche haipati muda wa kukua.

Nikiagiza mbegu, nitaweza kuipanda Same iwe malisho ya mbuzi? (Mfugaji, Same)

Usihangaike. Mbegu zake hudai wiki kadhaa za baridi kali na unyevu kabla ya kuota, baridi ambayo uwandani Same hakuna. Kuingiza mbegu nchini nako kunataka vibali. Una migunga hapo hapo. Okota maganda yake yakidondoka, uyahifadhi kwa ajili ya kiangazi.