Picha Ninazotuma Kutoka Kuopio

Shangazi, Jumapili uliniuliza kama Ufini ni kama ilivyo kwenye picha ninazotuma, maana mdogo wangu naye ameanza kutafuta chuo huku. Nilijibu "ni pazuri" nikakata simu. Hilo halikuwa jibu.

Pazuri ni kweli, lakini miezi sita ya kwanza sikuuona uzuri huo. Desemba hapa Kuopio jua huchomoza karibu saa nne asubuhi, na saa tisa alasiri limeshatua. Nilipishana na majirani kwenye ngazi, nikawasalimu, wakapita kimya. Kwa mtu wa Kisumu, anayeulizwa habari hata na mwendesha boda asiyemjua, hilo liliniuma kuliko baridi. Nililia sana, na sikuwaambia.

Aliyenitoa ni bibi mmoja mstaafu wa ghorofa ya chini. Februari alinigongea mlango, akanipa viatu vizito, tukaenda ziwani Kallavesi. Shangazi, tulitembea juu ya ziwa! Mimi mtoto wa Dunga, ninayejua ziwa linavyomeza watu, miguu ilikataa. Akanieleza kwamba barafu isipofika sentimita 5 haikanyagwi, kisha akatoboa kwa keekee. Ilizama kupita urefu wa mkono hadi kiwiko ndipo maji yakatokea. Shingoni alinivika misumari miwili yenye vipini, ya kujivutia nje barafu ikipasuka. Tukakaa na ndoana zetu, kila mtu na tundu lake, kwa muda wa saa mbili bila neno. Pale ndipo nilipojua kwamba kimya chao si dharau.

Jioni alikaanga muikku, visamaki vinavyopakwa unga wa rai, nafaka inayofanana na ngano, na kuliwa kichwa hadi mkia. Nilikumbuka omena wako hadi machozi yakanitoka.

Sauna nayo, ndiyo, tunaingia uchi, wanawake peke yetu. Mara ya kwanza nilijifunga taulo na hakuna aliyenisema. Julai tulichuma matunda ya mustikka katika msitu usio wetu, bila kuomba ruhusa. Sheria inaruhusu, mradi usisogelee nyumba ya mtu. Hebu fikiria kuingia hivyo shambani kwa jirani huko kwetu!

Mdogo wangu aje. Koti asinunue huko sokoni Kibuye, aweke pesa anunue huku. Na Desemba giza likimlemea asinitumie picha, anipigie, hata iwe usiku wa manane.