Kabla ya kununua rangi, peleka mkeka

Ukuta wa kwanza niliouchora mtaani kwetu Temeke ulikuwa na twiga watatu na jua linazama nyuma yao. Tulikuwa vijana sita. Tulichanga hela ya rangi, tukaanza Jumamosi alfajiri, Jumapili magharibi tukamaliza. Watu walikuja kupiga picha. Masika ilipopita rangi ilikuwa imevimba na kubabuka, na chini ya miguu ya twiga ilikuwa imerudi mifuko ya taka ileile. Ila kilichoniuma hasa ni maneno ya mama anayeuza chai na maandazi pale pembeni: "Mwanangu, mmechora vizuri, lakini mlivyoyatoa yale matofali mmenifukuzia wateja." Matofali tuliyoyaona uchafu ndiyo yalikuwa viti vyake.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa yeyote anayetaka kupendezesha eneo la wazi mtaani kwake unaanzia kwenye mkeka, rangi baadaye. Nenda ukakae pale. Asubuhi, mchana wa jua kali, na usiku pia. Eneo letu la pili tulikaa wiki mbili kabla ya kugusa kitu. Tulijua kivuli cha mti wa mkungu kinahamia wapi ikifika saa tisa, maji ya mvua yanapita njia gani, watoto wa kike wanachezea rede upande upi, wazee wanaweka bao wapi. Tuliona pia kwamba giza likishaingia, kina mama wanazunguka mbali badala ya kukatiza pale, kwa sababu nyuma ya ukuta hakuna taa. Hilo hakuna aliyelitaja kikaoni, maana kikaoni husema walewale wanaosema kila siku.

Ukifika wakati wa kuuliza, usiulize "mnataka nini?" Utajibiwa bustani na geti, kwa sababu ndivyo watu walivyoona kwingine. Sisi tulichukua chaki tukachora chini kwa ukubwa wenyewe: benchi hapa, njia hapa, uwanja wa watoto pale. Kisha tukaazima kreti za soda, tukazipanga kama benchi na kuziacha wiki nzima. Kila jioni tulikuta zimehamishwa. Watu walizisogeza kivulini na kuzigeuza zitazamane, wakati sisi tulikuwa tumezipanga mstari mmoja kama za kusubiria daktari. Yale mabenchi ya saruji yaliyopo leo yamejengwa pale kreti zilipotulia. Tangu 2012, UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi, limekuwa likifanya jambo la namna hii kwa mchezo wa kompyuta wa Minecraft: wakazi wanaujenga uwanja wao kwenye skrini kabla fundi hajashika mwiko. Ni njia nzuri, na chaki nayo inafika kulekule.

Hapa pwani hatuanzi sifuri. Tuna baraza, viti vya kujengea nje ya nyumba. Ukipita Mji Mkongwe wa Unguja utaziona zimeungana na kuta za nyumba: mgeni anapokewa pale bila kuingia ndani, kahawa inanywewa pale, na mvua ikijaza vichochoro watu wanapita juu yake. Ndiyo maana umbo la mabenchi yetu tuliliazima kwenye baraza, hatukutafuta picha za mabenchi ya Ulaya. Wazee walitaka bao lifinyangwe kwenye saruji ingali mbichi, mashimo yote 32 na nyumba zake mbili. Fundi alilalamika, akafanya, na kila jioni kete 64 ziko pale. Kina mama waliamua benchi lao lipakwe kama kanga, lenye pindo, mji na jina. Mjadala wa jina ulichukua jioni nzima, tukaishia Wema Hauozi. Nimechora kuta nyingi tangu hapo, lakini hakuna mchoro wangu unaopanguswa vumbi kila asubuhi kama ule, na wanaoupangusa ndio waliolichagua neno.

Kuhusu rangi yenyewe, nitasema hili kwa kuwa ndipo fedha zinapopotea. Twiga wetu tuliwapaka rangi ya mafuta inayong'aa, tukifuata mazoea ya wachoraji wa Tingatinga, ile sanaa aliyoianzisha Edward Saidi Tingatinga hapahapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Wao wanachora juu ya ubao, na ubao hauvuti maji kutoka ardhini. Ukuta wa pwani unavuta, tena maji yenye chumvi. Ukiuziba kwa rangi ya mafuta, unyevu unakosa pa kutokea na kuibandua rangi. Rangi ya zamani ikwanguliwe, lipu ikauke kabisa, kisha tumia rangi ya maji. Kwenye kuta za zamani za chokaa, rudi na chokaa.

Halafu ufagio. Kabla ya benchi la kwanza, ijulikane nani anafagia Jumatatu na hela ya balbu inatoka wapi. Kibera, Nairobi, ambako shirika la usanifu la Kounkuey Design Initiative limefanya kazi na wakazi tangu 2006, viwanja vinaendeshwa na vikundi vya wakazi wenyewe, na vitu kama vyoo vya kulipia na uuzaji wa maji vinaleta hela ya matunzo. Bustani ya Forodhani, Unguja, ilipokarabatiwa na kufunguliwa upya 2009, wauza vyakula wa jioni waliwekewa nafasi yao. Ukiwafukuza wauzaji ili mahali papendeze, umefukuza macho yanayopalinda. Mama wa chai kwetu sasa ndiye mwenye ufunguo wa boksi la taa.

Jambo la mwisho ni karatasi. Eneo likipendeza, wavamizi nao wanaliona. Hakikisha mkutano wa mtaa umelijadili, muhtasari umeandikwa, nakala ipo ofisini na nyingine mnayo nyumbani. Jeevanjee, bustani iliyotolewa kwa wakazi wa Nairobi mwaka 1906, ilinusurika kujengewa majengo 1991 kwa sababu watu wake, wakiongozwa na Zarina Patel, mjukuu wa aliyeitoa, walisimama kuitetea.

Ule ukuta wa twiga bado upo, umebabuka karibu wote. Watu wameshaniuliza mara kadhaa tutaupaka lini. Jumanne iliyopita nilipeleka mkeka pale, na mama wa chai akatuletea matofali mawili.